Jinsi ya Kuomba Usimamizi wa Mirathi Katika Mahakama ya Mwanzo: Mwongozo kwa Familia za Mwanza na Ukerewe

Familia nyingi huhesabu kwamba mirathi imekwisha siku ile hakimu anapomkabidhi mmoja wao fomu ya uteuzi. Kisheria, siku hiyo ndipo kazi inapoanza, kwa kuwa aliyeteuliwa hakupewa mali. Amepewa jukumu la kuikusanya, kulipa madeni ya marehemu, kuwagawia wanaostahili, kisha kurudi mahakamani na hesabu iliyoandikwa. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo kuanzia cheti cha kifo hadi jalada linapofungwa, kwa marehemu ambaye mambo yake yaliongozwa na mila au na sheria ya Kiislamu, maana hizo ndizo mirathi ambazo Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kuzisikiliza.

Mahakama ipi, na ya wapi

Mamlaka hayo yametolewa na Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11. Ikiwa marehemu alikuwa Mkristo aliyeishi nje ya mila za kabila lake, ombi hupelekwa Mahakama Kuu, au Mahakama ya Wilaya pale mirathi inapokuwa midogo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352. Ubatizo peke yake haumalizi swali hilo. Mahakama huangalia jinsi marehemu alivyoishi na nia aliyoionyesha akiwa hai, na ndiyo maana Msukuma aliyebatizwa, akaoa kwa mila na akaendesha mji wake kimila hadi mwisho, mirathi yake inaweza kabisa kusikilizwa Mahakama ya Mwanzo. Ni heri familia ikubaliane juu ya jambo hili mapema, kwa sababu shauri lililofunguliwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka hubatilishwa hata kama mali imeshagawanywa.

Mahali nako kuna kanuni yake. Ombi hufunguliwa katika mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi ya kudumu wakati wa kifo, hata kama sehemu kubwa ya mali iko kwingine. Mtu aliyeishi Ilemela, akaacha mashamba Magu na mitumbwi Sengerema, mirathi yake hufunguliwa Ilemela. Mkazi wa Nansio aliyefia Hospitali ya Bugando alikokuwa amelazwa, mirathi yake hufunguliwa Ukerewe, ingawa kifo chenyewe husajiliwa Nyamagana kwa sababu usajili wa kifo hufuata wilaya kilikotokea. Watu huchanganya mambo haya mawili kila mara, hasa jamaa wanaoishi mjini wanapoona ni rahisi kwao kufungua shauri karibu na walipo.

Nyaraka za kutafuta kabla ya kwenda masjala

Ya kwanza ni cheti cha kifo kinachotolewa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Hospitali hutoa tangazo la kifo, na kama mtu amefia nyumbani, afisa mtendaji wa kijiji au wa kata ndiye huanzisha taarifa hiyo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na baada ya hapo familia huingia katika taratibu za usajili uliochelewa. Hakikisha jina kwenye cheti linalingana na jina lililo kwenye hati ya kiwanja, kitambulisho na akaunti ya benki. Wazee wengi wa ukanda huu wana jina la ubatizo huku, jina la babu kule, na jina ambalo mwaloni, yaani kwenye kituo cha kupokelea samaki, ndilo pekee linalojulikana. Hapo andaa kiapo mbele ya kamishna wa viapo kinachoeleza kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja.

Ya pili ni muhtasari wa kikao cha familia au cha ukoo. Kanuni za Mahakama za Mwanzo kuhusu usimamizi wa mirathi, Tangazo la Serikali Namba 49 la mwaka 1971, hazikuufanya muhtasari kuwa sharti, lakini kwa mazoea mahakama nyingi huutaka, na kwa maoni yangu zina sababu nzuri: ugomvi uliojificha msibani hujitokeza kikaoni kabla haujafika mbele ya hakimu. Kikao kisifanyike siku ya maziko wakati mjane hawezi hata kuinua kichwa. Wengi hungoja arobaini au siku ya kuanua matanga, ndugu wa mbali wakiwa bado wapo. Muhtasari uandikwe tarehe, mahali, majina na saini za waliohudhuria, majina ya warithi wote pamoja na umri wao, na jina la anayependekezwa kuwa msimamizi; kisha upelekwe kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa ugongwe muhuri.

Orodha ya warithi ndiyo sehemu inayoharibiwa kwa makusudi kuliko nyingine yoyote. Watoto waliozaliwa nje ya ndoa, mke wa pili anayeishi kisiwani, na binti aliyeolewa mbali huachwa nje kwa hoja kwamba "mambo yao tutayamaliza wenyewe". Waandike wote. Kuandikwa hakumpi mtu fungu ambalo sheria inayotumika haimpi, lakini kuachwa kunampa sababu ya kuomba uteuzi ufutwe. Kuhusu mabinti na wajane, wazee wa ukoo wakumbushwe kwamba mwaka 1990 Mahakama Kuu iliyoketi hapa Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, iliamua katika shauri lililotoka Kagera kwamba mila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo, huku mwanamume akiruhusiwa, ilikuwa kinyume cha haki za msingi zilizomo katika Katiba. Mjane naye atenganishe mambo mawili: anachorithi, na kile ambacho tayari ni chake kwa kuwa alikichuma pamoja na mumewe. Hicho cha pili anatakiwa kukidai kama chake tangu mwanzo, pamoja na risiti na mashahidi.

Kama kuna wosia

Wosia uliopatikana sandukuni, kwa mchungaji, kwa wakili au RITA, ambako wosia huweza kuhifadhiwa, uwasilishwe mahakamani pamoja na ombi. Hakimu atauangalia kwa vigezo vya sheria inayotumika. Kwa wosia wa kimila, kanuni za mwaka 1963 zinataka wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Kwa asiyejua kusoma wawe wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, na mashahidi hao wawe wanaojua kusoma na kuandika. Mke au wake waliopo nyumbani nao hushuhudia. Wosia wa mdomo unahitaji mashahidi wanne kwa mgawanyo huohuo. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, wala hautoi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi, isipokuwa warithi wengine wakiridhia. Wosia ukikataliwa, mirathi haifi. Huendelea kama ya mtu aliyefariki bila wosia.

Kufungua ombi na siku ya kusikilizwa

Mwombaji hujaza Fomu Namba 1, akiambatisha cheti cha kifo, muhtasari na wosia kama upo, na hulipa ada ya mahakama kwa namba ya malipo ya serikali, si mkononi mwa mtu. Mahakama hutoa tangazo linalobandikwa mahali pa wazi ili yeyote mwenye pingamizi ajitokeze kabla ya tarehe iliyopangwa. Siku hiyo nenda na warithi wote wanaoweza kufika. Hakimu atamhoji mwombaji kuhusu marehemu, makazi yake, warithi na mali, kisha atawauliza warithi kama wanaridhia. Pingamizi likiwepo husikilizwa kwa ushahidi, na mahakama inaweza kumteua mtu mwingine kabisa mwenye maslahi katika mirathi, au wawili kwa pamoja, na inaweza kumtaka msimamizi aweke dhamana. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili aulize ofisi ya halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kukusanya mali: mambo ya ziwani

Baada ya kupokea Fomu Namba 4, ambayo ndiyo uteuzi, msimamizi ana miezi minne ya kuwasilisha Fomu Namba 5, yaani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni. Nyumba, viwanja na akaunti havisumbui sana kuorodhesha. Benki huandikiwa na mahakama, na salio lililo kwenye simu ya marehemu lisisahauliwe. Kwa mashamba ya vijijini, tafuta hati ya hakimiliki ya kimila kama ilitolewa. Kama haikutolewa, uthibitisho wa halmashauri ya kijiji na majirani wa mipaka utasaidia. Ng'ombe waliokuwa wamewekwa kwa jamaa ili walishwe watajwe mmoja mmoja, pamoja na jina la anayewatunza.

Mali ya uvuvi ndiyo inayopotea upesi. Mtumbwi ukiachwa juani nchi kavu mbao hupasuka, injini huhamia mtumbwi mwingine, nyavu hugawanywa na wafanyakazi kama malipo ya mgao ambao hawajapata, na taa za dagaa na betri zake hazionekani tena. Kwa hiyo familia ihesabu vitu hivi mara baada ya maziko, mbele ya uongozi wa mwalo, iandike namba za injini na kusaini karatasi, ingawa hakuna mwenye mamlaka ya kuuza chochote kabla ya uteuzi. Leseni ya uvuvi iliyo katika jina la marehemu si mali ya kugawana. Msimamizi aende ofisi ya uvuvi ya halmashauri kuuliza jinsi chombo kitakavyoendelea kufanya kazi kihalali. Kizimba cha samaki kilichopatikana kupitia kikundi kisiorodheshwe chote: kinachoingia kwenye mirathi ni haki ya marehemu ndani ya kikundi, baada ya mkopo kuhesabiwa.

Madeni yaandikwe kwa uaminifu uleule. Wenye mitumbwi wengi huchukua nyavu, mafuta na fedha ya awali kutoka kwa wakala anayewanunulia sangara, na deni hilo hukaa kwenye daftari la wakala peke yake. Msimamizi aombe kuliona daftari na alinganishe na wanachosema wafanyakazi, kabla hajakubali tarakimu yoyote. Deni halali hulipwa kwanza kutoka katika mali ya marehemu, ndipo warithi wagawane kinachobaki. Si haki mjane kulipa deni hilo kwa mali yake mwenyewe.

Kugawa na kufunga jalada

Mgao ufanyike kwa sheria iliyotumika, kila mrithi asaini alichopokea, na fungu la mtoto aliye chini ya miaka 18 liandikwe kwa jina lake, si kwa jina la mjomba anayemlea. Kisha msimamizi huwasilisha Fomu Namba 6, yaani hesabu inayoonyesha kilichopatikana, kilicholipwa na kilichogawiwa. Warithi hupewa nafasi ya kuipinga, na hakimu akiridhika huamuru mirathi ifungwe. Anayetumia uteuzi kujinufaisha, au anayekaa miaka bila kuleta hesabu, mrithi yeyote anaweza kuiomba mahakama imwondoe.

Kwa kiwanja chenye hati miliki, uamuzi wa mahakama haubadilishi jina peke yake. Msimamizi hupeleka uteuzi kwa Msajili wa Hati ili asajiliwe kwanza kama msimamizi wa mirathi, halafu ndipo ahamishe umiliki kwa mrithi aliyetajwa katika mgao. Omba nakala zilizothibitishwa za fomu ya uteuzi na za amri ya kufunga mirathi zaidi ya moja kabla ya kuondoka masjala, kwa sababu benki, ofisi ya ardhi na halmashauri kila moja hutaka ya kwake.