Somo: Kulala nje usiku mmoja na mtoto, kwa baiskeli, kutoka Malindi

Tangu nilipokwenda kulala Gede na binti yangu wa miaka mitano, haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani na kuniuliza nilifanyaje. Majibu yangu yameanza kuwa mafupi kuliko inavyostahili, kwa hiyo nayaandika yote hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Hatua ya kwanza. Kagua breki, cheni, tairi na pampu siku moja kabla ya safari.

Hatua ya pili. Mtoto akae kwenye kiti chenye mgongo, mikanda na pa kuwekea miguu, kilichofungwa kwa boliti juu ya keria, na fundi azibe spoku kwa bati pande zote mbili. Mtoto anayening'iniza miguu kwenye keria tupu, siku moja kisigino chake kitaingia kwenye spoku.

Hatua ya tatu ni upepo, na hapa ndipo nilipoharibu. Safari yetu ya kwanza ilikuwa mwezi wa Agosti, nami nikachagua Mambrui, upande wa kaskazini, takriban kilomita 15, kwa kuwa njia ilikuwa nyepesi. Kumbe ilikuwa nyepesi kwa sababu kusi, upepo utokao kusini, ilikuwa ikitusukuma mgongoni. Tulivuka daraja la Mto Sabaki tukiimba, nikajiona bingwa. Kesho yake tulikunywa chai ndefu kwa wenyeji, tukaondoka saa nne, na upepo ule ule ukatukabili usoni. Tulipofika darajani nilikuwa nimeshuka, naisukuma baiskeli kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto nimekishika kichwa cha mtoto aliyelala, kisije kikaning'inia nje ya kiti, huku chupa ya maji ikiwa imebaki funda mbili. Tulifika nyumbani baada ya adhuhuri, na mama yake hakunisemesha hadi magharibi.

Kwa hiyo, upepo uukabili wakati wa kwenda, wewe ukiwa bado na nguvu, ili ukusukume wakati wa kurudi. Msimu wa kusi nendeni kusini, Gede. Msimu wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, kuanzia Desemba hadi Machi, nendeni Mambrui. Mwezi wa Mei kaeni nyumbani, kwa sababu ya masika. Tena usidanganywe na utulivu wa alfajiri ukadhani upepo umekatika.

Hatua ya nne. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, kwenda na kurudi.

Hatua ya tano. Laleni katika uwanja wa nyumba ya watu mliowaarifu mapema, na salamu kwa mzee wa boma itangulie kufungua mzigo. Msilale ndani ya Arabuko-Sokoke, kwa kuwa msitu huo una ndovu, wala kwenye mdomo wa Sabaki, penye viboko na mamba. Hema lisikae chini ya mnazi hata kivuli kikiwa kizuri namna gani, maana nazi haichagui kichwa.

Hatua ya sita. Chukueni chandarua, leso mbili, tochi, viraka vya tyubu, na maji zaidi ya mnayodhani yatatosha.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba wa Maweni: Nataka kwenda Mambrui mwezi wa Julai na kurudi kesho yake. Inafaa?

Jibu: Soma hatua ya tatu.

Baba wa Maweni: Nimeisoma, lakini mimi nina baiskeli ya gia.

Jibu: Mwanao hana gia, ndugu yangu. Jua la saa tano ni lile lile kwake.

Mama wa Pacha: Kwa nini asubuhi kusi hutulia na mchana huzidi?

Jibu: Ahsante kwa swali hili, dada. Nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari. Hewa ya juu yake hupanda, na hewa ya baharini huingia kujaza nafasi. Upepo huo wa baharini hujiunga na kusi, ndiyo maana kuanzia saa nne hivi minazi huanza kuinama. Usiku nchi hupoa na nguvu hupungua.

Mgeni wa Watamu: Je, bila kiti, nikimfunga mgongoni kwa leso?

Jibu: Hapana.

Mama wa Pacha: Tukifika Gede mapema, watoto watafanya nini hadi jioni?

Jibu: Wapelekeni kwenye magofu, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399 Miladia. Binti yangu alipitisha kidole hewani akifuata maandishi yake, kisha akataka kujua kama marehemu alikuwa na baiskeli. Mahamri yafungeni vizuri, kwa maana kima wa pale hawabishi hodi.

Fundi wa Barani: Nyongeza kidogo. Mkipita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, punguzeni hewa ya tairi ili zisizame mchangani, na mkirudi muoshe cheni kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, muikaushe, kisha muipake mafuta siku hiyo hiyo.

Jibu: Kweli kabisa. Mimi nililaza yangu na chumvi siku tatu, na ulipouona ule mnyororo ulicheka wewe mwenyewe.