Utumbo wa Kupandikiza: Namna ya Kuuhifadhi Usiharibike Njiani

Figo iliyokaa kwenye barafu saa 20 bado inaweza kufanya kazi. Utumbo mwembamba hauna uvumilivu huo. Panga safari na ukumbi wa upasuaji ili muda wa baridi, tangu aorta (ateri kuu itokayo moyoni) ya mchangiaji ifungwe hadi damu ya mpokeaji iingie, usizidi saa 6. Ukikaribia 10, jiandae kwa matatizo.

Udhaifu uko kwenye utando wa ndani. Utando huo umejaa vinyweleo, yaani vijiti vidogo vinavyofyonza chakula. Ndani ya kila kinyweleo, mshipa unaopanda na ule unaoshuka vimekaribiana mno, hivyo oksijeni nyingi huvuka pembeni kabla ya kufika kileleni. Ncha huishi kwa kidogo hata mtu akiwa mzima. Damu ikikatika, seli huishiwa nishati, pampu za sodiamu husimama, maji huingia na seli huvimba. Damu ikirudi, oksijeni ile ile huzaa kemikali kali zinazounguza kilichobaki, na bakteria waliokuwa ndani ya utumbo hupata upenyo wa kuingia kwenye damu.

Kwa hiyo kazi huanza kwa mchangiaji: asiwe na umri zaidi ya miaka 50 hivi, presha yake isitegemee dozi kubwa za dawa, na moyo wake usiwe ulisimama kwa muda mrefu. Uzito wake uwe kama asilimia 50 hadi 75 ya ule wa mpokeaji, maana tumbo la mtu aliyepoteza utumbo huwa limesinyaa.

Kuondoa damu iliyobaki kwenye mishipa ya utumbo ndipo wengi wanapokosea, na kosa ni kupitiliza. Ingiza kanyula (mrija mwembamba) kwenye aorta, tundika mifuko ya UW, myeyusho wa kuhifadhi viungo, uliopozwa hadi nyuzi 4 na uache ushuke kwa uzito wake, usiubane mfuko. Kwa mtu mzima lita 2 hadi 3 kwa kawaida hutosha. HTK, myeyusho mwingine wa kuhifadhi, ni mwepesi zaidi na huhitajika kwa wingi, nao wingi huo huleta uvimbe. Usiingize kanyula ya pili kwenye vena zinazotoa damu ya utumbo kuipeleka kwenye ini, hata timu ya ini ikiiomba: presha ikipanda huko, utumbo hukosa pa kutolea maji. Hakikisha vena kuu imekatwa ili kilichoingia kipate njia. Mesenteri, utando unaoshikilia utumbo na kubeba mishipa yake, ikianza kuwa ngumu na nzito kama sponji iliyolowa, simamisha.

Shika utumbo kidogo iwezekanavyo. Funga ncha mbili kwa stepla na usikamue kilichomo kwa nguvu. Vituo vingine hujaza ndani myeyusho wa polietilini glaikoli wenye sodiamu kidogo, na hoja yao ina mantiki: utando hulindwa kutoka upande ule ambao myeyusho wa mishipani haufiki vizuri. Chukua pia ateri na vena za nyonga za mchangiaji. Mishipa ya utumbo ikiwa mifupi, hizo ndizo kiungo.

Kufungasha ni mifuko mitatu. Wa kwanza una utumbo uliozama kabisa kwenye UW, wa pili maji ya chumvi baridi, wa tatu ni wa kinga, kisha sanduku la barafu iliyosagwa. Barafu isiguse nyama. Panapogusa hugandisha seli na kuzipasua.

UW una potasiamu ya takriban mmol 125 kwa lita. Kabla ya kufungua vibanio vya mishipa, usuuze mishipani kwa Ringer's lactate (maji ya dripu yenye chumvi) baridi, la sivyo potasiamu hiyo itaingia kwenye damu na moyo wa mpokeaji unaweza kusimama mezani.

Utumbo ukirudia rangi ya waridi na kuanza kusukuma, usiridhike: hiyo ni ngozi ya nje tu. Chukua kipande cha utando kwa hadubini na ukipime kwa kipimo cha Park, 0 hadi 8. Alama 1 ni mwanya mdogo chini ya seli za kileleni. 4 ni vinyweleo vilivyobaki uchi. 6 ni madhara yaliyofika kwenye kripti, vishimo vilivyo chini ya vinyweleo. 8 ni ukuta mzima uliokufa. Chini ya 6 kuna tumaini, kwa sababu seli mpya huzaliwa humo kwenye kripti na zinaweza kufunika vinyweleo ndani ya siku chache.