Shule zikifungwa tena, mlindie binti saa zake

Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nilikuwa nafundisha darasa la saba Mathare, Nairobi. Oktoba walirudi gredi ya nne, darasa la nane na kidato cha nne peke yao. Wanafunzi wangu walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Nilizunguka ploti nikiwatafuta. Wavulana niliwakuta uwanjani. Wasichana niliwakuta kwenye foleni ya maji, mtungi wa lita 20 miguuni, mtoto wa mama mgongoni.

Kwa hivyo mzazi, usianze na vitabu. Anza na kazi. Jioni moja keti na watoto wote, andikeni kila kazi ya nyumba na jina la anayeifanya. Mama mmoja aliandika, jina la binti likatokea mara tisa, la kaka yake mara moja: kununua mkate. Alinyamaza, kisha akaikata orodha ile kwa kalamu na kuanza upya. Kijana wa miaka 14 anaweza kuchota maji na kuosha sufuria.

Simu ikiwa moja, gaweni zamu kwa saa, na zamu ya binti isiwe usiku amechoka. Bando likikosa, kuna masomo ya redio. Lakini aketi, daftari mbele yake. Kusikiliza huku anafua si kusoma.

Sodo ziweke kwenye bajeti pamoja na unga. Za serikali hupitia shuleni. Shule ikifungwa, zinakatika. Nimeona msichana anayekosa mia moja ya sodo akipewa na mwanamume wa boda, na mnajua anachodai baadaye.

Pangeni pia nani atalea wadogo mama akipelekwa karantini. Msipopanga, ni binti mkubwa atakayeacha kila kitu. Na akidhulumiwa, namba 116 ya simu ya kusaidia watoto ni bure, usiku na mchana.

Akipata mimba, bado ni mwanafunzi. Sera ya kuwarudisha shuleni ipo tangu 1994. Usimtume peke yake kwa mwalimu mkuu. Nenda naye, na kabla hamjaenda mjue mtoto ataachwa na nani. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi Januari ile ya 2021. Nyanya yake alikaa na mtoto chumba cha pili kutoka lango la shule, na saa nne, kengele ya mapumziko ikilia, binti alitoka mbio kwenda kunyonyesha.