Kuiga bila kunakili: namna ya kuandika rap ya injili yenye sauti yako

Njia ya mkato inajulikana: chukua wimbo wa rapa wa Marekani, toa "pesa" weka "Yesu", toa "maadui" weka "shetani", mtiririko uache ulivyo. Waumini watapiga makofi, lakini anayesikiliza rap kila siku atautambua wimbo wa asili kabla hujamaliza mstari wa pili.

Kuiga chenyewe si kosa. Ni shule, mradi ujue unaiga nini. Mwaka 2014 Flame, rapa Mkristo wa Marekani, na wenzake walimshtaki mwimbaji wa pop Katy Perry wakidai wimbo wake "Dark Horse" umechukua kipande cha kinanda cha "Joyful Noise", wimbo wao wa 2008. Mwaka 2019 jopo la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) huko Los Angeles liliwapa ushindi na fidia ya dola milioni 2.78. Machi 2020 jaji akautengua uamuzi huo, na mwaka 2022 mahakama ya rufaa ikamuunga mkono: kile kipande kifupi cha noti kinachojirudia kilijengwa kwa malighafi ambayo kila mwanamuziki anaitumia. Kwa hiyo kasi, mpangilio wa kawaida wa ngoma na mfuatano wa kawaida wa kodi (noti zinazopigwa pamoja) ni mali ya wote. Maneno ya mtu, melodia yake kamili na sauti aliyorekodi ni vyake, na kuvitumia kwa ajili ya huduma hakubadilishi hilo. Angalia pia biti (muziki wa kurapia juu yake) za "bure" za YouTube: nyingi ni bure kwa matumizi yasiyo ya kibiashara tu. Ukitaka kuuza wimbo, pata leseni ya maandishi kutoka kwa prodyuza kabla ya kupakia.

Sasa zoezi. Chagua ubeti mmoja unaoupenda, uandike kwa mkono, kisha hesabu mizani (silabi) ya kila mstari na uweke alama pale rapa anapokazia na anapovuta pumzi. Hiyo ndiyo mifupa. Halafu badilisha vitu viwili au zaidi: kasi, mahali mstari unapoanzia (jaribu kuingia baada ya pigo la kwanza), au mahali vina vinapoangukia. Ukibadilisha kimoja tu, wimbo wa mwenzako bado unasikika chini ya wako.

Mtego mkubwa uko kwenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ba-RA-ka, ni-ta-ku-SI-fu. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja yanayogonga mwisho wa mstari. Ukiubeba mtiririko wake mzimamzima, utajikuta unatamka ye-SU na ba-ra-KA ili uendane na ngoma. Hapo ndipo rap nyingi za injili zinaposikika kama tafsiri. Panga silabi yenye mkazo iangukie kwenye pigo, na ile ya mwisho ije nyuma yake.

Vina navyo vina ujanja wake. Kwa kuwa maneno yetu karibu yote huishia na irabu, kulinganisha silabi ya mwisho pekee ni rahisi mno: "madeni" na "sokoni" vinagusana kwa "ni" tu. Anza kina kwenye silabi yenye mkazo: baraka, mashaka, haraka. Kwa biti ya BPM 90 (mapigo 90 kwa dakika), mstari mmoja wa mapigo manne una sekunde 2.7 hivi, na mistari 16 ni sekunde 43. Mizani 10 hadi 13 kwa mstari inatosha. Ukijaza 16 hutapata pa kupumua. Na ukiweka 8 sawasawa kila mstari, moja kwa kila nusu pigo, utasikika kama mtoto anayekariri utenzi darasani. (Usisahau kwamba "m" ya "mkuyu" ni mizani kamili.)

Maudhui ndiyo magumu zaidi. Goliati, damu, ushindi: havina ubaya, ila kila mtu anavyo. Chukua kifungu kimoja na ukishushe mtaani kwako. Katika Luka 19 Zakayo anaahidi kurudisha mara nne alichodhulumu. Mfanye muuza duka ambaye kilo yake ya sukari ina gramu 900: kwa kila kilo aliyouza anadaiwa gramu 400. Hapo una hesabu, una mzani, una toba inayogharimu, na hakuna rapa wa Atlanta aliyekuandikia.

Mwisho, rekodi kwa simu bila biti, kwa lafudhi unayoongea nayo nyumbani. Kisha wasomee watu wawili wa kwaya, ukinyamaza kabla ya neno la mwisho la kila mstari. Wakibashiri zaidi ya mistari minne kati ya 16, iandike upya hiyo waliyoibashiri, hata kama ndiyo unayoipenda.