Kabla Hujanunua Diski ya Kuhifadhia Mafaili ya Nyumbani

Watu wengi huanza kwa kuuliza kampuni ipi ni bora. Mimi huwarudishia swali: picha na nyaraka zako zikipotea usiku wa leo, nakala nyingine iko wapi? Kama haipo, bajeti ya diski moja kubwa igawe, ununue mbili za wastani.

Kuhusu majina, uwanja ni mdogo kuliko unavyoonekana dukani. Watengenezaji wakubwa wa diski za sahani zinazozunguka wamebaki watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Samsung iliiuzia Seagate biashara yake ya diski hizi mwaka 2011, na mwaka uliofuata Western Digital ikainunua ya Hitachi. Kasha la nje linaweza kuwa na jina lolote, lakini diski iliyomo imetoka kwa mmoja wa hao.

Ndiyo maana nasema chunguza modeli, siyo nembo. Backblaze, kampuni ya Marekani inayohifadhi data za wateja, imekuwa ikitoa takwimu za diski zake zinazokufa tangu 2013. Humo Seagate ya terabaiti 3 iitwayo ST3000DM001 ilikufa kwa wingi wa kutisha, na mwaka 2016 wanunuzi wakaenda mahakamani. Ilhali modeli ya terabaiti 4 ya kampuni hiyohiyo ilidumu vizuri zaidi. Ila kumbuka diski hizo huzunguka usiku na mchana kwenye vyumba vya seva. Yako pengine itabebwa kwenye begi, na kuanguka mara moja kunaweza kuiua mapema kuliko kasoro ya kiwandani.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni namna diski inavyoandika. Diski za SMR hupandanisha njia za data kama vigae vya paa, ili zienee nyingi. Ukitaka kubadilisha kigae kimoja, inabidi na vya jirani viandikwe upya, hivyo kazi ya kuandika kwingi mfululizo huzorota. Kwa nakala ya mara moja kwa wiki haina shida. Kwa kifaa cha diski kadhaa zilizounganishwa kwa RAID, yaani mpango wa kuzifanya zifanye kazi kama diski moja, ikimbie, tafuta CMR, ambazo njia zake za data hazipandani. Mwaka 2020 ilibainika kwamba baadhi ya diski za WD Red za Western Digital, zilizouzwa kwa kazi hiyo hasa, zilikuwa SMR bila mnunuzi kuambiwa. Soma karatasi ya vipimo ya modeli kamili, herufi kwa herufi.

RAID yenyewe siyo nakala. Ukifuta faili, linafutika kwenye diski zote papo hapo.

Waranti ni nzuri, lakini hurudisha diski, picha hairudishi.

Ikishafika nyumbani, usiihamishie kitu siku hiyohiyo. Ijaze yote kwa data za majaribio, kisha isomwe yote. Kwa diski kubwa kazi hiyo huchukua siku nzima au zaidi, iache ifanye. Baadaye fungua taarifa za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa programu kama CrystalDiskInfo au smartctl, uangalie namba 5, 197 na 198, yaani sekta (vipande vidogo vya diski) zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi na zilizoshindikana. Kwenye diski mpya zote ziwe sifuri. Hata namba moja ikiwa siyo sifuri, irudishe diski ungali na risiti. Hata hivyo usilale usingizi wa pono kwa sababu ya sifuri hizo: utafiti wa Google wa 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta kwamba kati ya zilizokufa, nyingi zilikufa bila SMART kutoa dalili yoyote ya maana. Yangu mojawapo ilikuwa safi jioni, asubuhi ikawa inagonga kama saa ya ukutani.

Diski ya pili inunue wakati mwingine au modeli tofauti, maana pacha wa toleo moja huweza kuugua pamoja. Iweke nyumba nyingine, kwa ndugu unayemwamini, ikiwa imefungwa kwa nywila. Kisha chagua faili moja la zamani na ulifungue kutoka kwenye nakala hiyo, uone kama linafunguka.