Vichocheo vya Ukuaji na Virutubisho katika Kukuza Miche ya Matunda

Kichocheo cha ukuaji huamsha tu uwezo uliomo ndani ya mbegu au kipandikizi (kipande cha tawi kinachopandwa kiote mizizi), na hakiwezi kuchukua nafasi ya madini, maji wala mwanga. Kwa hiyo kitumike mapema na kwa kipimo kidogo, kisha lishe ifuate polepole.

Mbegu ya papai imefunikwa na utando wenye ute unaozuia kuota. Isugue ndani ya maji mpaka utando huo utoke wote, kisha iloweke kwa saa 24 katika maji yenye asidi ya jiberelini (kichocheo cha kuotesha mbegu na kurefusha shina), miligramu 200 kwa lita moja. Unga wake hauyeyuki upesi katika maji, hivyo uyeyushe kwanza kwa spiriti kidogo. Usizidishe kipimo, kwa maana jiberelini nyingi hurefusha shina likawa jembamba na kulala chini hata kwa kumwagiliwa tu.

Vipandikizi vya mkomamanga huhitaji oksini, yaani kichocheo cha kuotesha mizizi. Chovya kitako cha kipandikizi kwa sekunde 5 katika mchanganyiko wenye miligramu 1,000 hadi 2,000 kwa lita, kisha ukichomeke kwenye mchanga safi wenye unyevu, huku ukihakikisha kwamba upande uliokuwa chini mtini ndio unaoingia chini. Kosa hili la kugeuza kipandikizi ni dogo machoni, lakini hupoteza kazi yote.

Fosforasi ichanganywe na udongo kabla ya kujaza viriba (mifuko ya kukuzia miche), kwa sababu haisogei kwa urahisi kuifuata mizizi. Naitrojeni isubiri majani halisi, yaani yale yanayofuata majani ya kwanza ya mbegu, yatokeze. Hapo gramu 2 za urea kwa lita ya maji, kila baada ya wiki mbili, zinatosha kwa kuanzia.

Wengi wakiona majani yamepauka hukimbilia urea, nami nasisitiza kwamba jani lisomwe kwanza. Yakianza kuwa njano majani ya chini, yaliyozeeka, yaelekea naitrojeni imepungua. Yakiwa njano majani machanga huku mishipa yake ikibaki kijani, shida ni chuma, na mara nyingi chuma kimo udongoni ila mizizi haiwezi kukifyonza kwa kuwa udongo una alkali au umetuama maji. Ncha zikikauka na kuwa kahawia baada ya kuweka mbolea, chumvi imezidi: mwagilia maji safi mengi mpaka yatoke chini ya kiriba, na usiweke mbolea tena mpaka mche utoe majani mapya yenye afya.