Kabla mbwa wako hajapigwa picha

Kama umemwita mpiga picha mje ufukweni Raskazone, hapa Tanga, muogeshe mbwa siku moja kabla, si asubuhi ile ile. Manyoya yaliyotoka kuoshwa husimama ovyo. Asubuhi yenyewe mfute tu matongotongo na udenda.

Chakula mpe nusu. Akishashiba, umwite usimwite, anajilaza tu. Tia mfukoni dagaa wakavu wasio na chumvi, kisha mpiga picha ashike mmoja karibu kabisa na lenzi: masikio yanasimama, macho yanakuja yenyewe. Mlio wa kamera mzoeze nyumbani kwa simu, kila unapolia anapata dagaa.

Muda mzuri ni saa 12:30 hadi saa 2 asubuhi. Jua la mchana la Tanga humgeuza mbwa mweusi kuwa doa tu, na mchanga unamuunguza nyayo. Tena mapema hivyo watu ni wachache. Wengi hapa hawataki kuguswa na mate ya mbwa, na ni haki yao, kwa hiyo kamba isitoke mkononi (ya katani inapendeza pichani kuliko mnyororo). Beba na maji ya kunywa, asije akanywa ya bahari akaanza kutapika.